Azula, Ozai na Bibi Aliyekatwa Sikio: Tathmini ya Katuni Niliyojaziwa Buzuruga

Kijana anayejaza filamu kwenye flashi katika kibanda kimoja karibu na stendi ya Buzuruga, jijini Mwanza, ana desturi ya kumwuliza mteja swali moja kabla hajagusa kompyuta yake. Haulizi kama mteja anataka mapigano, mapenzi au vichekesho. Anauliza anataka adui wa namna gani. Nilipomweleza kwamba nina watoto watatu wa dada yangu waliokuja kwa likizo ya Juni, mkubwa akiwa na miaka 13 na mdogo miaka saba, na kwamba nahitaji katuni ndefu itakayowatosha kwa jioni za mwezi mzima, alinijibu kwa utulivu wa mtu anayeijua kazi yake: "Mwalimu, nikuwekee yenye adui wa makelele, au yenye adui wa kutisha?" Nilichagua ya pili, nikalipa Sh 8,000, nikaondoka na misimu yote mitatu ya Avatar: The Last Airbender. Tathmini hii inahusu mzigo huo, yaani katuni yenyewe na huduma ya aliyeniuzia, ingawa nakiri mapema kwamba sehemu kubwa ya maneno yangu itakwenda kwenye swali la yule kijana, kwa sababu limenikaa kichwani kuliko nilivyotarajia.

Kwa asiyeifahamu, hii ni katuni ya Marekani iliyobuniwa na Michael Dante DiMartino na Bryan Konietzko, ikaanza kuonyeshwa na kituo cha Nickelodeon Februari 2005 na kumalizika Julai 2008, ikiwa na vipindi 61 vya chini ya nusu saa kila kimoja. Sehemu kubwa ya uchoraji wake ilifanyika katika studio za Korea Kusini, na kazi hiyo inaonekana: mapigano yake yamefuata mitindo halisi ya sanaa za mapigano za China, kiasi kwamba mtoto anaweza kumtambua mpiganaji kwa namna anavyosimama kabla hata hajarusha kitu. Dunia yake ina mataifa manne, la Maji, la Ardhi, la Moto na la Anga, na katika kila taifa wapo watu wanaoweza kuamuru kitu hicho kwa mikono yao. Taifa la Moto limekuwa likipigana na wengine kwa miaka 100. Wahamaji wa Anga wameangamizwa wote isipokuwa mtoto mmoja wa miaka 12 aitwaye Aang, aliyeganda ndani ya barafu kwa miaka hiyo yote, na huyo ndiye stelingi wetu.

Stelingi hafi, hilo kila aliyewahi kukaa kwenye benchi la banda la video hapa Mwanza analijua tangu utotoni. Ndiyo maana ninaamini kwamba mzigo wa hadithi za aina hii haubebwi na stelingi bali na adui, kwa kuwa mtazamaji anayejua mwisho wa mmoja anabaki na mwenzake tu wa kumwekea mashaka. Katuni hii ina maadui wengi wa kutosha kulipima jambo hilo, tena wa viwango tofauti, na si wote waliofaulu.

Wa msimu wa kwanza, Zhao, nitampitia haraka kwa sababu hata waandishi wenyewe wanaonekana kumtumia kama ngazi. Ni ofisa wa jeshi la majini anayetaka sifa, anapandishwa cheo hadi kuwa amiri, na mwishoni anamwua samaki ambaye kumbe ndiye roho ya mwezi. Mwezi unazimika angani na wanaoamuru maji wanabaki bila nguvu. Tendo hilo ni kubwa na la kutisha, lakini mtendaji ni mdogo. Mtu anayetaka jina lake liandikwe tu hana kitu cha kutushika moyoni baada ya kuondoka. (Watoto walisikitika sana mwezi ulipozimika. Mimi, nasikitika kusema, niliwawaza wavuvi wetu wa dagaa, ambao huegesha mitumbwi mbalamwezi inapokuwa kali na kurudi ziwani giza linapoingia, nikaona kwamba huenda Zhao angepata wapiga kura wachache upande wa Igombe.)

Kisha unaanza msimu wa pili, na anaingia Azula.

Ana miaka 14, ni binti wa Mfalme wa Moto, na tunakutana naye akiwa juu ya meli. Nahodha anamweleza kwa adabu kwamba maji hayaruhusu meli kuingia bandarini kabla ya usiku. Azula hapandishi sauti. Anamwuliza kama maji ndiyo yanayoiamuru meli hiyo, kisha anamwuliza kama maji hayo yangesita kumpondaponda kwenye miamba iwapo yeye angeamuru nahodha atupwe majini, na mwishowe anamshauri aache kuyahofia maji, ambayo yameshaamua kuua au kutoua, na aanze kumhofia yeye, ambaye bado anafikiri. Nahodha anaingiza meli bandarini. Mpwa wangu wa miaka kumi alicheka, kwa kuwa kwake lilikuwa jibu kali tu. Mimi sikucheka. Katika mji ambao makaburi ya watu wa MV Bukoba ya tarehe 21 Mei 1996 yako Igoma, mwendo mfupi kutoka sebuleni nilipokuwa nimekaa, mtu anayemlazimisha nahodha ashindane na maji hahitaji kupewa pembe wala meno marefu ili aeleweke. Tumeambiwa ni nani katika muda usiozidi dakika moja, na kwa mazungumzo matupu.

Hapa ndipo uchoraji unapofanya kazi ambayo maandishi yasingeiweza. Wapwa zangu wawili wadogo hawajui Kiingereza cha kutosha kufuata mazungumzo, na mimi sikuweza kutafsiri kila sentensi, lakini hawakuhitaji kuambiwa wamwogope nani. Moto wa kila mtu katika hadithi hii ni wa rangi ya machungwa. Wa Azula ni wa buluu. Wengine wanaruka, wanapiga kelele na kutoa jasho, ilhali yeye hasogei zaidi ya inavyobidi. Katika zoezi lake la kuamuru radi, walezi wake wanamwambia amekaribia ukamilifu isipokuwa unywele mmoja uliotoka mahali pake, naye anajibu kwamba kukaribia hakutoshi. Kamera inautazama unywele huo. Nawaomba wasomaji waukumbuke, kwa sababu waandishi wataurudia karibu vipindi 40 baadaye, na anayetaka kujua tofauti ya kazi iliyopangwa na kazi iliyolipuliwa aanzie hapo.

Kinachomfanya atishe kuliko Zhao si ukatili, kwa maana Zhao aliua mwezi mzima. Ni kwamba Azula anasoma watu. Mji wa Ba Sing Se, wenye kuta ambazo mjomba wake Iroh, jemadari mkubwa, alizizingira kwa siku 600 akashindwa, yeye anauchukua kutoka ndani akiwa na rafiki zake wawili na nguo za kuazima. Askari wa siri wa mji huo wana bosi wao, mtu mjanja aliyemdanganya mfalme wake kwa miaka mingi kwamba hakuna vita nje ya kuta. Azula anazungumza na askari hao tu, kwa uhakika wa aliyezaliwa kutawala, na bosi anapogeuka kuwaamuru wamkamate anakuta tayari si wake tena. Kisha, katika pambano linalofuata, anampiga Aang radi mgongoni. Adui asiyemgharimu stelingi chochote ni pambo; huyu alichukua mji na nusura achukue roho, na watoto walikwenda kulala bila kubishana, jambo ambalo si la kawaida nyumbani kwangu.

Mama yangu mzazi alitufikia kutoka Magu tukiwa katikati ya msimu wa tatu, akawa anakaa nasi akichambua mchele bila kutazama sana. Kipindi kilichomfanya aweke ungo chini ni kile cha mwanamke mzee aitwaye Hama. Huyu anaendesha nyumba ya wageni katika kijiji cha Taifa la Moto, anawakaribisha akina Aang kwa chakula kizuri, na taratibu anajulikana kuwa ni mtu wa kabila lilelile la Katara, msichana wa timu ya Aang mwenye kuamuru maji. Alikamatwa ujanani kwao, akafungwa katika gereza lenye hewa kavu ili asipate hata tone la kumsaidia. Akiwa humo aligundua kwamba kila chenye uhai kimebeba maji ndani yake, akajizoeza kwa panya wa gerezani usiku wa mbalamwezi, hadi alipoweza kuuongoza mwili wa mlinzi wake kama mwanasesere na kumfungulisha mlango. Sasa, uzeeni, kila mwezi unapokuwa mpevu anawavuta wanakijiji wasio na hatia hadi pangoni na kuwafunga minyororo kama alivyofungwa yeye.

"Huyu," mama alisema, "ni yule bibi wa sikio."

Watoto hawakuelewa, kwa hiyo tulizima runinga. Wasomaji waliokulia Usukumani wanamjua Shing'weng'we, dubwana lililomeza watu na ng'ombe wote, akabaki mwanamke mmoja mjamzito aliyejificha, na mtoto aliyezaliwa na mwanamke huyo, Masala Kulangwa, ndiye aliyekua na kuliua dubwana na kulipasua tumbo ili watu watoke. Wengi wetu tunaishia hapo. Lakini hadithi haiishii hapo, na mama hakubali iishie hapo: wakati wa kupasua, kisu kilimkata sikio bibi mmoja kizee aliyekuwa ndani, naye, badala ya kushukuru kwa kuokolewa, alikasirika na kuanza kumtafuta Masala Kulangwa kwa uchawi. Nikamwuliza mama yupi anamtisha zaidi, dubwana au bibi. Hakufikiri hata kidogo. "Shing'weng'we lilikuwa tumbo tu, mwanangu. Yule bibi ndiye aliyekuwa na kesi."

Nimeshasoma uchambuzi mwingi juu ya maadui katika hadithi za kubuni, na sijakutana na kipimo kinachonifaa kama hicho. Tumbo linaweza kumeza dunia nzima na bado likaondoka bila kuacha swali. Ukishalipasua, kazi imekwisha. Mwenye kesi ni tofauti, kwa kuwa hata anapokuwa amekosea kabisa katika namna ya kuidai haki yake, sikio limekatwa kweli, na aliyelikata ni shujaa wetu au upande wetu. Hama alifungwa kweli. Katara hawezi kumwambia kwamba hayo hayakutokea. Anachoweza ni kumzuia tu, na ili amzuie inambidi atumie sanaa ileile ya kuamuru damu aliyoichukia dakika chache zilizopita. Hama anapochukuliwa na wanakijiji anacheka, kwani amempata mrithi, na Katara analia. Sikumbuki kipindi kingine cha katuni ya watoto ambapo adui ameshindwa na kushinda kwa pumzi moja namna hiyo.

Nikiwa na kipimo cha mama mkononi, niliziangalia sehemu za mwisho za Azula kwa jicho jingine. Kesi yake inafunguliwa kando ya moto, ufukweni, katika kipindi ambacho vijana wanne wa upande wa maadui wako likizoni na hawana cha kufanya. Azula anasema, kama mtu anayetaja hali ya hewa, kwamba mama yake mwenyewe alimwona kuwa dubwana, kwamba alikuwa sahihi, na kwamba bado iliuma. Baada ya hapo anabadili mazungumzo. Waandishi hawakumfanya atoe machozi wala hawakutuomba tumwonee huruma. Wameiweka kesi mezani na kuondoka, na huo ndio ukomavu wa kazi hii. Hadithi nyingi za sasa zimejifunza kwamba adui anapaswa kuwa na utoto wa mateso, zikadhani kwamba mateso hayo yanatosha kuwa msamaha, hivyo adui anajieleza kwa kipindi kizima akiwa amesimama kwenye mvua. Azula hajielezi. Tunamwelewa bila yeye kutaka.

Anguko lake linatokana na kitu kilekile kilichomwinua, na hapo ndipo nilipouona ustadi kuliko mahali pengine popote. Ametawala watu kwa hofu tangu siku ile ya nahodha. Rafiki yake Mai anapomgeuka gerezani ili kumwokoa Zuko, kaka yake Azula, na Ty Lee, rafiki yake wa pili, anapomlemaza kwa vidole ili kumwokoa Mai, hesabu yake yote ya binadamu inavunjika, kwa kuwa haikuwa na nafasi ya mtu anayependa kuliko anavyoogopa. Tangu hapo anamshuku kila mmoja. Siku ya kutawazwa kwake anamfukuza mtumishi kwa sababu ya kokwa lililobaki ndani ya tunda, kisha anawafukuza askari wake na hata mmoja wa walezi wake, hadi anabaki peke yake mbele ya kioo, akijikata nywele mwenyewe na kumwona mama yake nyuma yake. Ule unywele mmoja wa msimu wa pili umekuwa kichwa kizima. Pambano lake la mwisho na Zuko limechorwa kwa moto wa buluu na wa machungwa unaogongana katika ua mtupu, lakini watengenezaji wamezishusha sauti za milipuko na kuuacha muziki wa huzuni utangulie, kana kwamba tunaangalia msiba na si vita. Anaishia amefungwa mnyororo sakafuni, akilia na kutema moto. Mpwa wangu wa miaka saba, aliyemwogopa kwa wiki tatu, aliuliza: "Mjomba, sasa nani atamfungua?"

Kwa upande wa baba mtu, Ozai, sina sifa nyingi za kutoa. Kwa misimu miwili hatuonyeshwi uso wake. Tunaona kivuli, moto mkubwa nyuma ya kiti na alama ya kuungua kwenye jicho la kushoto la Zuko, ambaye baba huyohuyo alimwunguza na kumfukuza nchini akiwa na miaka 13 kwa kosa la kupinga mpango wa kuwatoa kafara askari wapya. Alama ile ilitosha. Uso ulipofunuliwa katika msimu wa tatu, licha ya sauti nzito ya Mark Hamill, tulimkuta mwanamume mwenye kifua kipana anayetaka kuuchoma Ufalme wa Ardhi, na hata wazo hilo la kuchoma lilianzia kwenye maneno ya binti yake barazani. Hana kesi. Ni tumbo. Nakubali kwamba huenda ilikusudiwa hivyo, kwamba watoto wawili waliharibiwa na mtu ambaye ndani yake hamna kitu, lakini kukusudia pengo hakulijazi. Linalonikera zaidi ni namna anavyoshindwa: Aang hataki kuua, na mgogoro huo wa dhamira ni mzuri, ila unatatuliwa na kobe-simba mkubwa anayetokea baharini na kumpa uwezo mpya wa kumnyang'anya mtu nguvu zake. Mpwa wangu wa kati alihukumu kwa maneno matatu: "Stelingi amebebwa kabisa." Sina la kuongeza.

Kuhusu huduma. Picha zilikuwa safi, faili zimepangwa kwa msimu na namba, na flashi haikuwa na virusi, ambavyo ni vitu vitatu nisivyovipata pamoja mara kwa mara. Maandishi ya chini yalikuwa ya Kiingereza tu, na katika msimu wa kwanza yalichelewa kwa sekunde kadhaa, hivyo mhusika alikuwa amekwisha kupigwa ndipo onyo lake likatokea. Kutafsiri kwa mdomo vipindi 61 kumenikausha koo, na ningelipa mara mbili ya bei ile kama kungekuwa na sauti za Kiswahili zilizofanywa kwa umakini na waigizaji, kwa maana adui kama Azula, ambaye silaha yake ni maneno, anapoteza nusu ya makali anapotafsiriwa na mjomba mwenye usingizi. Kasoro kubwa ilikuwa moja, na ilikuja mahali pabaya kuliko pote: sehemu ya tatu kati ya nne za mwisho ilikatika pale Azula na Zuko walipokuwa wanajiandaa kupigana. Tulikaa siku mbili bila kujua, kwa sababu ilikuwa Jumamosi jioni na kibanda hakifunguliwi Jumapili. Watoto walinitazama kama mimi ndiye niliyeikata.

Kwa umri, ningeanzia miaka minane, na kipindi cha Hama ningekiruka kwa mtoto anayelala peke yake. Mtu mzima anayedhani katuni ni za watoto aanzie msimu wa pili, kisha akishanasa arudi mwanzo.

Jumatatu asubuhi nilirudi Buzuruga. Kijana alikagua faili, akakiri kosa bila kubishana, akaniwekea nyingine bure na kuicheza hadi mwisho mbele yangu ili nihakikishe. Kisha, kama kawaida yake, akaniuliza safari hii nataka adui wa namna gani. Nilimwambia nataka adui mwenye kesi. Alitazama orodha yake ndefu kwenye skrini, akaipandisha, akaishusha, akavua kofia na kukuna kichwa, halafu akaniomba nirudi Ijumaa.